Mapafu Mawili

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, na saluni yangu mwenyewe hapa Noonkopir, Kitengela, na bado Mwalimu alikuwa ananisahihisha mbele ya wateja. Alipita asubuhi moja na gazeti lake kwapani, akasimama mlangoni, akasoma kibao changu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo: "Tunasuka nywele, tunaosha miguu, karibu wote." Halafu akanitazama juu ya miwani. Karibu wote maana yake ni kwamba wachache wamebaki nje, akasema, sasa hao wachache umewakosea nini? Nikamwambia Mwalimu, mbona watu wanakuja tu. Akajibu kwamba wanakuja kwa sababu wana nywele, si kwa sababu ya kibao. Kesho yake nikamwita mchoraji akaandika "karibuni nyote", kwa sababu na mimi niko na aibu yangu.

Tulimzika mwaka huu, katika ile baridi kavu ya mwezi wa saba. Alikozaliwa na jina la babu yake vilisomwa siku hiyo na vikaisha, sina haja ya kuvirudia. Karatasi ya ratiba ya mazishi ilikuwa na makosa saba. Niliyahesabu nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, na la nne liliponifikia nikaanza kulia, jirani yangu akadhani ni wimbo ndio umenigusa.

Alikuwa mwalimu wangu wa Kiswahili darasa la sita hadi la nane, katika shule iliyo ng'ambo ya barabara ya Namanga. Hakuwa mtu wa kiboko. Ukikosea, alikusimamisha, na ulisimama hivyo mpaka sentensi ikae sawa mdomoni mwako. Mimi nilisimama kipindi kizima kwa sababu ya "kitabu yangu". Nilijua jibu, wallahi nilijua, lakini kadiri wenzangu walivyonitazama ndivyo ulimi ulivyokuwa mzito. Kengele ikalia, wakatoka wote, tukabaki wawili. Ndipo nikasema "kitabu changu", naye akasema vizuri, keti, na darasa lilikuwa limeshaisha. Hiyo ni miaka mingi iliyopita. Lakini nikisema kweli, mtu aliyesimamishwa na Mwalimu hakuwahi kuketi kabisa.

Alipostaafu, hakuistaafu kalamu nyekundu. Ilikaa kwenye mfuko wa shati hata siku ya Krismasi. Pale buchari palipoandikwa "nyama ya ngombe", Mwalimu alipanda kwenye kreti ya soda akaweka kile kistari chake juu, na mwenye buchari, aliyetoka na kisu akidhani ni mtu wa kaunti amekuja kumfungia, alibaki amesimama na kisu chake hewani. Kanisani mchungaji aliomba Mungu abariki "hii chakula". Mwalimu alifungua jicho moja, akasema polepole "chakula hiki", akalifunga, na maombi yakaendelea. Siku watu wa mume wangu walipokuja kwetu kuleta mahari, bwana harusi wangu alisimama kwa jasho na suti ya kuazima akatangaza kwamba amekuja kuchukua "hii msichana". Mwalimu, aliyealikwa kama mzazi, akamwambia kijana, kwanza ujue unachukua mtu. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mume wangu hadi leo akinikasirikia huniita "msichana huyu".

Msidhani alikuwa mtu mkavu. Mkewe alifariki kabla sijafungua saluni, naye aliendelea kupika chakula cha watu wawili, halafu anashangaa, halafu anampelekea sahani ya pili mlinzi wa ploti. Na yeye ambaye hakunisamehe "kitabu yangu" alimsamehe kila kitu yule mama Mmaasai aliyemletea maziwa. Mama yule alikuwa akifika anamsalimu "Sopa", na Mwalimu anaitikia "Epa" kwa furaha yote. Kisha mama anasema maziwa kesho hapana kuja, ng'ombe amekataa, na Mwalimu anatikisa kichwa tu kwa huruma, kalamu haitoki mfukoni. Siku moja nilimlalamikia. Akaniambia yule ana lugha yake nyumbani, hii yetu ameiazima na anaitunza, je, wewe yako ni ipi? Nikaacha kulalamika, maana Kikuyu changu nacho ni cha kuombea maji tu.

Kiingereza alikijua vizuri kuliko sisi wote. Alichokichukia ni kukichanganya. Mtoto akisema "nime-miss wewe", Mwalimu alifumba macho kana kwamba ameumwa jino. Alitutafsiria kila kitu kilichoingia Kitengela. Rimoti aliiita kiongoza mbali, chaja kijaza umeme, na wateja wangu walikuwa wakimchokoza kwa makusudi, Mwalimu, na wigi je, na kucha za kubandika je, naye anasimama pale mlangoni anafikiria kwa dhati, miguu yake kwenye vumbi, mpaka apate neno. Hata kama neno lenyewe lilikuwa refu kuliko kitu.

Sasa nifike kwenye kifua.

Alikiita hivyo tu, kifua. Kimeniamkia vibaya, alisema. Au, leo kimekataa ngazi. Sisi tulilaumu vumbi, kwa sababu Kitengela malori ya mawe yanapita kutwa, na nguo ukianika nyeupe unaanua ya kahawia. Yeye alichemsha majani ya mkaratusi, akajifunika blanketi, akavuta mvuke. Kwa miaka. Hakuenda hospitali kwa sababu kwetu hapa watu walishaamua zamani kwamba mwenye kifua akienda atapewa pampu, ile ya kuvutia dawa mdomoni, na aliyepewa pampu amefika mwisho wa safari. Ukionekana nayo kanisani, wanaanza kukutazama kwa macho ya mchango wa hospitali. Na yeye, mgane anayeishi peke yake, hakutaka macho hayo.

Siku iliyompeleka kliniki ni ya saluni yangu, na hilo nalibeba pia. Nilikuwa nampulizia mteja dawa ya nywele, ile ya kukausha, chumba kimejaa harufu. Mwalimu akachungulia atusalimu. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akashika fremu ya mlango. Halafu akainua kidole kimoja, vile mtoto anavyoomba ruhusa ya kutoka darasani, na ndipo nikaona midomo yake imebadilika rangi. Nikamwita mtu wa bodaboda, tukamweka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, nikisikia kifua chake kikipiga filimbi kwenye mikono yangu.

Kliniki wakamwekea kinyago cha mashine ya mvuke. Baada ya kama nusu saa alivuta pumzi moja ndefu, akatazama ukutani, na maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba neno "foleni" pale limeandikwa vibaya. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikajua amerudi.

Sista aliyemhudumia alikuwa msichana mpole, na nje kulikuwa na watu wamejaa kwenye benchi. Alimwekea mezani vidude viwili. Hiki cha bluu, akasema, ni cha ukibanwa. Hiki cha kahawia ni cha kila siku, hata ukijisikia poa, usikiache. Halafu akasema kitu ambacho kila mtu hapa Kitengela angekielewa bila kufikiri. Alisema, "Utakuwa unachukua pafu mbili asubuhi, pafu mbili jioni."

Mwalimu akainua kichwa. "Mapafu mawili," akasema.

Sista hakujua yuko mbele ya nani. Akatabasamu. "Sawa, Mwalimu. Mapafu mawili."

"Yaani moja baada ya jingine?"

"Eeh, moja, halafu ungoje kidogo, halafu ingine."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshika koti lake. Nilisikia yote na niliona ni kichekesho. Sisi tunasema pafu kwa sababu wazungu wanasema hivyo, mara moja ukifinya ni pafu moja. Lakini kwa Kiswahili cha Mwalimu, pafu ni kile kiungo kilicho ndani ya mbavu zako, na mtu ana mawili, kulia na kushoto. Yeye alisikia dawa ya mapafu mawili. Mfinyo mmoja kwa ajili ya hili, mfinyo mmoja kwa ajili ya lile. Na paketi ilikuwa imeandikwa 2 × 2 kwa kalamu, tarakimu tupu, hazikumsaidia mtu.

Hakukubali kuiita pampu. Pampu ni ya baiskeli, alisema. Akaiita kipulizi, na akaificha ndani ya kasha la miwani ili watu wasione. Lakini mimi alinionyesha, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona vibaya kuliko hivyo. Alikuwa anaketi kwenye kiti chake cha mbao, anatoa pumzi, anajiinamisha upande wa kulia kama mtu anayesikiliza jambo sakafuni, anafinya. Ananyooka, anahesabu. Kisha anajiinamisha kushoto, anafinya tena. Aliniambia kwa fahari kwamba dawa ina uzito, kwa hivyo inateremka upande ulioinama.

Nikaenda saluni nikawaigizia. Niliketi kwenye kiti cha draya, nikashika chanuo mdomoni, nikainama huku, nikainama kule, nikasema "ngeli ya LI-YA, pafu, mapafu," na wanawake wakashika mbavu. Nilirudia mara nyingi, kila alipokuja mteja ambaye hajaona. Nasema haya ili mjue ni nani anayewasimulia.

Na kwa mwaka mmoja hakuna kilichoharibika. Kuinama kwake hakukumdhuru, kwa sababu mwisho wa yote alikuwa akifinya mara mbili. Alipata nafuu kweli. Alitembea hadi barabara kuu na kurudi, alibishana na waandishi wa magazeti kwa barua ambazo sijui kama ziliwahi kuchapishwa, na siku moja nilimkuta amepanda ngazi ya mchoraji kumwelekeza mahali pa kuweka koma. Nilidhani kicheko kile hakina gharama.

Kisha akaenda Kajiado kupigwa picha ya kifua, kwa sababu alipata homa. Daktari akamwonyesha ile picha kwenye mwanga, akamwambia jambo la kweli kabisa: la kushoto liko safi, la kulia lina kovu la zamani, tutalichunga. Mwalimu akarudi Noonkopir amefurahi. Akaniambia, pafu la kushoto limepona. Sikuelewa mara moja alichomaanisha. Nilikuja kuelewa wiki kadhaa baadaye nilipompelekea githeri, nikamkuta na kipulizi. Aliinama kulia, akafinya mara moja. Akanyooka. Akafunga kasha.

Nikasubiri. Nikasema, "Mwalimu, kwani si ni pafu mbili?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mapafu mawili, binti yangu. Ngeli hukusoma?"

Basi. Ni hayo tu. Sijui mnaweza kuelewa. Nilikuwa mtu mzima, nimeajiri wasichana wawili, nimezika wazazi wangu, lakini sauti ile iliponifikia nilirudi kwenye dawati langu, na "kitabu yangu" ikanijaa mdomoni. Nikasema ndiyo Mwalimu. Nikamwekea githeri kwenye sahani. Njiani nikajiambia kwamba dawa ni dawa, moja au mbili, na kwamba yeye ni msomi na mimi ni wa kusuka, na kwamba nikimsahihisha nitamvunjia heshima katika hali yake. Nilipata sababu nyingi nzuri kati ya mlango wake na wangu, na ni hatua kama sitini.

Miaka miwili. Alitumia nusu ya dawa yake kwa miaka miwili, bila kukosa hata siku moja, kwa nidhamu ile ile aliyotufundishia. Kila mara alipoulizwa kama anatumia dawa vizuri alisema ndiyo, na hakuwa anasema uongo. Mimi nilimwona yule sista mara mbili nikipeleka mtoto chanjo. Mara zote nilitaka kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa na haraka. Mara ya pili alikuwa na nafasi, akaniuliza hata Mwalimu anaendeleaje, nami nikasema ako sawa.

Hakuwa sawa. Kifua kilianza kumbana usiku, kisha mchana. Kile cha bluu, ambacho alikuwa akikigusa mara chache, kikahamia mkononi, nacho pia alikifinya mara moja, upande wa kulia. Safari ya kwenda barabarani ikawa na vituo: kwa buchari apumzike, kwa mama wa mboga apumzike, kwangu apumzike. Aliketi kwenye benchi langu la nje, mbali na harufu, mikono juu ya magoti. Na kuna kinyozi alifungua hapo mkabala akaandika ukutani "tunanyoa nyele", kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama ndoo. Mwalimu alikuwa anaketi anautazama ukuta ule kila siku, mwezi mzima, na hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimwendea kinyozi usiku huo huo nikamwambia aweke w, nikamshikia taa ya simu mpaka akamaliza.

Akalazwa mara moja, akalazwa tena. Binti yake, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi kule Bisil, akaja akamchukua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, amefanana naye paji la uso. Baada ya wiki kadhaa akanipigia simu kunipa habari. Akasema daktari anashangaa kwa nini dawa haimsaidii, wanafikiria kumwanzishia nyingine kali. Kisha, kama jambo la pembeni, akasema baba yake ni mwangalifu sana, hata kile kidude cha kahawia kinamkalia mara mbili ya muda wa watu wengine.

Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu. Nikakiachilia. Jumatatu saluni huwa imefungwa, kwa hivyo Jumatatu nikaenda Bisil.

Ilikuwa siku ya mnada. Mbuzi walikuwa wanapitishwa mbele ya duka, wafugaji na fimbo zao, vumbi limesimama. Binti yake alikuwa amemwekea kiti kwenye kibaraza, nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ili upepo usimpige. Alikuwa amepungua. Shati lilikuwa lile lile lakini lilikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Alinisalimu kwa vipande. "Binti yangu." Pumzi. "Umekuja na." Pumzi. "Baraka." Mtu aliyetufundisha kwamba sentensi lazima ifike nyumbani kwake bila kusimama njiani.

Nilikuwa nimepanga hotuba nzima kwenye gari. Nikaisahau. Nikavuta ndoo ya rangi nikaketi karibu na magoti yake.

"Mwalimu," nikasema, "kuna mahali umekosea."

Akangoja. Alikuwa na subira ya kusikiliza, hilo hakunyimwa.

"Pafu mbili si mapafu mawili. Sista alikuwa anasema Kiingereza. Puff. Ni kufinya mara mbili, asubuhi mara mbili, jioni mara mbili. Dawa inajigawa yenyewe huko ndani. Haijui kulia wala kushoto."

Hakuniuliza mara mbili. Hilo ndilo liliniumiza, kwamba alielewa papo hapo. Nilimwona akirudi kliniki, akilisikia neno lile upya, akilivua nguo alizolivisha. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa paketi ya dawa, akaigeuza. Pembeni mwa ile 2 × 2 alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, mwandiko wake ule wa ubaoni: kulia tu. Tulikaa tukiyatazama maneno hayo mawili, na sote wawili tulijua kwa Kiswahili yana maana nyingine.

"Puff," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno la Kiingereza katikati ya Kiswahili, hata siku moja. Akavuta pumzi. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu pale pale kliniki, Mwalimu. Nilikuwa nimeshika koti lako."

Mbuzi walipita wengi. Binti yake alikuwa ndani anampimia mtu misumari, sauti ya mizani ikisikika. Nilingoja anikasirikie. Ningeshukuru. Aliniuliza tu kwa nini sikusema, na mimi, mama mzima wa watoto watatu, nikamjibu kwamba niliogopa.

Akanijibu kwa vipande, nami nitaviunganisha maana najua angetaka hivyo. "Nilidhani ninawafundisha kusema," akasema. "Kumbe nilikuwa ninawafundisha kuninyamazia."

Nikamwambia hapana, Mwalimu, usiseme hivyo, si wewe. Nikamwambia kosa ni langu, nikaanza hata kumwambia kuhusu kiti cha draya na kuigiza kwangu, lakini aliinua mkono. Hakuwa na pumzi ya kunipa msamaha na hukumu vyote siku moja. Akanipa kipulizi.

"Nionyeshe," akasema.

Nikakitikisa. Nikamwambia aketi wima, kichwa juu, asiiname popote. Atoe pumzi yote aliyo nayo. Aweke midomo, aanze kuvuta polepole, hapo hapo afinye, aendelee kuvuta mpaka ijae, kisha afunge mdomo na ashikilie, mimi nitahesabu mpaka kumi. Alifika nne akakohoa. Nikasema tena. Nilijisikia nikisema tena kwa ile sauti yake. Ya pili alifika tano. Macho yake yalikuwa kwangu wakati wote, makini, kama ya mtoto anayetaka kupata. Tukasukutua mdomo kwa maji, tukatema kwenye vumbi. Nilipoondoka alikuwa ameketi wima, na binti yake nilimweleza kila kitu kule ndani, kati ya rangi na misumari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema asante, akanipa mgongo, akapanga makopo ambayo yalikuwa tayari yamepangwa.

Sikumwona tena akiwa hai. Baridi ya mwezi wa saba ilimletea nimonia, na daktari alisema kifua kilikuwa kimechoka kwa muda mrefu. Nilimuuliza daktari yule waziwazi, siku ya kuchukua mwili, kama mara mbili badala ya moja ingebadilisha kitu. Akaniambia haiwezekani kusema. Ni jibu la huruma. Ningelipokea, kama si ile simu.

Mwalimu alikuwa amenipigia, angali hai, wiki tatu baada ya mimi kwenda Bisil. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa cha mteja. Nikaweka simu kati ya sikio na bega. Akaniuliza habari za watoto, za mume wangu, za saluni, kisha akasema: "Leo nimetembea kutoka hapa dukani hadi mnadani nikazunguka nikasalimiana na watu nikarudi, na sikuketi mahali popote." Alisema hivyo kwa pumzi moja. Sentensi nzima, kutoka mwanzo hadi kituo. Halafu akacheka, kicheko kirefu cha kijana, akaniambia kesho atafika hadi shule ya pale Bisil akaone watoto wanafundishwa nini.

Nikasema ni vizuri sana, Mwalimu. Nikasema Mungu ni mwema. Nilipokata simu niliona barabara yetu yote hapa Noonkopir, kwa buchari, kwa mama wa mboga, na benchi langu, na mara zote alizoketi juu yake kwa miaka miwili huku mimi nikiwa ndani nimewasha redio. Wiki tatu tu. Wiki tatu na mfinyo mmoja zaidi.

Mteja wangu alinitazama kwenye kioo akauliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, ni habari njema kabisa, mzee wangu fulani alikuwa mgonjwa na sasa anatembea. Halafu nikamwomba anisamehe, arudi kesho na nusu ya kichwa, nikatoka nje nikaketi kwenye lile benchi.